Nani Aliyewalisha Masista?

Mtu asomaye taarifa ya mwaka ya chama cha ustawi hupenda kuanza na ukurasa wa hesabu. Hapo huona fedha zilizoingia na fedha zilizotoka: unga ulionunuliwa, karo iliyolipwa, dawa na mablanketi. Habari za masista wa Kikatoliki waliowahudumia maskini wa Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1860 zimeandikwa mara nyingi, lakini waandishi wengi hutusimulia upande wa pili tu wa hesabu, yaani yale yaliyotoka mikononi mwa masista. Upande wa kwanza huachwa, kana kwamba mkate ulishuka wenyewe kutoka mbinguni. Makala haya yataka kuutazama upande wa kwanza. Hao waliowalisha wengine, wao walilishwa na nani? Na yule mwenye kutoa alitoa kwa ajili ya nini?

Mahali pafaapo kuulizia maswali hayo ni Lavington, magharibi ya mji wa Nairobi. Hapo lipo kanisa la Mtakatifu Austin, ambalo misioni yake ilianzishwa mwaka 1899 na Mapadre wa Roho Mtakatifu. Jirani yake ni Msongari, penye shule ya Masista wa Loreto. Ukiendelea kwa miguu muda mfupi wafika Kawangware, ambako chumba kimoja cha mabati hulaza jamaa nzima. Upande mwingine iko Kangemi. Wenye nyumba kubwa na wenye chumba kimoja huonana kila siku, maana hao wa pili ndio wafuao nguo za hao wa kwanza na kulinda milango yao. Walakini mwanzo wa habari hii hauko Lavington. Yatupasa kwanza tushuke hadi pwani, tuvuke bahari mpaka Unguja.

Tarehe 22 Desemba 1860, katika enzi ya Sayyid Majid bin Said, Padre Amand Fava alishuka Unguja akitoka kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Alifuatana na mapadre wawili, daktari wa jeshi la bahari, mafundi wa kazi za mikono, na masista sita wa shirika la Mabinti wa Maria. Shirika hilo lilikuwa changa. Liliundwa huko Réunion mwaka 1849, nao utumwa katika kisiwa hicho ulikuwa umekomeshwa Desemba 1848, miezi michache tu kabla yake. Mwanzilishi wake, Aimée Pignolet de Fresnes, pamoja na Padre Frédéric Levavasseur, waliufungua mlango wa shirika kwa wanawake weupe na kwa wanawake weusi waliotoka utumwani juzi juzi. Kwa desturi za dunia ya siku zile, kuwaketisha wanawake hao katika meza moja na kuwavika vazi moja lilikuwa jambo kubwa kuliko tuwezavyo kufikiri sasa. Basi masista wa kwanza kuja kuwauguza maskini wa Unguja walitoka katika nyumba iliyojua utumwa kwa karibu, si kwa kusoma vitabuni.

Walitibu wagonjwa, wakawalea watoto na kuwafundisha. Mwaka 1863 kazi hiyo ilikabidhiwa Mapadre wa Roho Mtakatifu chini ya Padre Antoine Horner, na mwaka 1868 misioni ikavuka mrima hadi Bagamoyo, mahali ambapo misafara ya pembe na ya watumwa ilifika ukingoni mwa bahari. Masista walishika upande wa wasichana na wa wagonjwa.

Sasa tutazame mfuko. Nyuma ya kazi hii walikuwako watu ambao hawakupata kuiona Afrika hata siku moja. Mwaka 1822, katika mji wa Lyon nchini Ufaransa, chama cha kusaidia misioni kilikuwa kimeanzishwa kwa njia aliyoibuni msichana mmoja jina lake Pauline Jaricot. Aliwakusanya wafanyakazi wa viwanda vya hariri katika makundi ya watu kumi kumi. Kila mtu alitoa sarafu moja ndogo ya shaba kwa juma, na mkuu wa kumi alizipeleka kwa mkuu wa mia. Wenye vyama vya kuchangiana katika miji yetu wataitambua njia hiyo mara moja, maana ndiyo njia yao wenyewe. Mwaka 1843 Askofu Forbin-Janson akaanzisha chama cha pili, cha watoto, ambacho kila mtoto alitoa sarafu yake kwa mwezi. Kwa hiyo uji alioupata yatima wa Bagamoyo ulitokana kwa sehemu na senti za mfuma hariri wa Lyon, mtu ambaye pengine yeye mwenyewe alilala na njaa mara nyingi. Ni kosa kudhani kwamba sadaka iliyokuja kutoka ng'ambo ilikuwa siku zote sadaka ya matajiri.

Lakini sadaka hiyo ilikuwa na tabia yake. Iliombwa hasa kwa jina la mtoto wa kukombolewa: toa, na mtoto atanunuliwa kutoka sokoni awe huru. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi mpaka mkataba wa mwaka 1873 ulipolifunga, na misioni ilinunua watoto huko, mbali na wale iliokabidhiwa na manowari za Kiingereza baada ya kuokolewa baharini. Palikuwa na watu waliosema kwamba anunuaye ili kukomboa, hata hivyo ananunua, na mwuzaji hupata faida yake ile ile. Si neno la kupuuzwa. Tena watoto hao walifanyishwa kazi za shamba kwa utaratibu mkali, na baadhi yao walipokuwa wakubwa waliondoka misioni wakaenda zao.

Mimi nionavyo, liko jambo la tatu ambalo halikusemwa sana, nalo ndilo lililowalemea masista. Siku ya kukombolewa ni siku moja. Ina machozi na ina furaha. Yaweza kusimuliwa katika barua, na msomaji wa Ufaransa akafungua mkoba wake. Kesho yake hakuna cha kusimulia. Kuna mtoto mwenye vidonda, kuna sufuria, kuna kuni zilizolowa, na kesho kutwa ni vivyo hivyo, kwa miaka kumi. Mwenye kutoa kwa ajili ya siku ile moja hupatikana upesi. Mwenye kutoa kwa ajili ya siku elfu tatu zinazofuata ni adimu, na hizo siku elfu tatu ndizo kazi yenyewe ya masista.

Udhaifu huo ulidhihirika upesi. Mwaka 1869 kipindupindu kilipiga pwani yote. Mwaka 1870 Ufaransa ikaingia vitani na Prussia, na nyumba iliyokuwa ikituma sarafu ikawa yenyewe inatafuta mkate. Aprili 1872 tufani kubwa iliyoangusha mikarafuu ya Unguja iliangusha pia majengo ya misioni ya Bagamoyo. Katika muda wa miaka mitatu misioni ilipatwa na maradhi, ukata na uharibifu, wala watoto hawakuacha kuwa na njaa kwa sababu Ufaransa ilikuwa vitani.

Tangu hapo, na hata kabla yake, mapadre wa Bagamoyo walitia mkazo katika ardhi: minazi, vanila, mihogo, na kahawa. Kahawa hiyo nayo ilitoka Réunion, kisiwa kile kile walikotoka Mabinti wa Maria, na ndiyo maana aina yake huitwa Bourbon hata leo. Mapadre waliichukua bara, wakaipanda Bura katika nchi ya Taita miaka ya 1890, na baadaye wakaipeleka Nairobi. Wakulima wa Kenya waliita mibuni hiyo kwa jina la misioni ya Wafaransa.

Hivyo ndivyo tulivyofika Lavington. Misioni ya Mtakatifu Austin ilianza mwaka 1899, mwaka ule ule reli ilipofika Nairobi, na wakati nchi ya Wakikuyu ilikuwa katika njaa kuu. Ukame, nzige, sotoka ya ng'ombe na ndui vilikuja kwa kufuatana kati ya 1898 na 1900, watu wakafa vijijini na njiani. Misioni iliyozaliwa katika wakati kama huo haikuhitaji kutafuta maskini. Maskini walikuja wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 mibuni ilikwisha kustawi hapo, na mbegu zake zikasambaa katika mashamba mengi ya walowezi. Palipo leo na nyumba za ghorofa na maduka palikuwa na safu za mibuni, na mavuno yake yaliilisha misioni. Huu ndio uliokuwa mpango wa siku elfu tatu: mti hauulizi kama Ulaya kuna vita.

Walakini haifai kuusifu mpango huo bila kutaja bei yake. Ardhi ilikuwa ardhi iliyopatikana chini ya serikali ya kikoloni, katika nchi ambayo wenyeji wake walikuwa wanasukumwa pembeni. Mikono iliyochuma ilikuwa mikono ya Waafrika, ambao wao wenyewe walizuiliwa kupanda kahawa yao mpaka katikati ya miaka ya 1930, serikali iliporuhusu majaribio machache katika Kisii, Meru na Embu. Kikuyu kwa jumla walisubiri hadi miaka ya 1950. Basi ilikuwapo hali hii: mtu alichuma zao lililomwezesha padre na sista kumsaidia yatima wake, huku sheria ikimnyima zao lile lile ambalo lingalimwezesha kumsaidia yatima huyo yeye mwenyewe. Walioandika sifa za kahawa ya misioni aghalabu wamelipita jambo hili haraka.

Masista wa Loreto waliwasili kutoka Ireland mwaka 1921. Shule yao ya Msongari ilikuwa kwa miaka mingi ya wasichana wa Kizungu, kama ilivyokuwa sheria na desturi ya mji uliogawanywa kwa rangi. Mwaka 1936 masista hao wakafungua huko Limuru shule ya wasichana wa Kiafrika. Humo alisoma Wangari Maathai kuanzia 1956 hadi 1959, akitoka kwa Masista wa Consolata wa Mathari, Nyeri. Kisha mwaka 1960 akapokewa na masista wengine, Wabenedikto wa Atchison katika Kansas, Marekani. Aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004 alikuwa amepitia mikono ya mashirika matatu ya masista. Nawaomba wanaohesabu faida ya sadaka kwa mwaka mmoja mmoja wazikumbuke tarehe hizo.

Katika makaburi ya wamisionari hapo Msongari amezikwa Edel Quinn, aliyefika Nairobi mwaka 1936 kutoka Ireland kwa kazi ya Jeshi la Maria. Hakuwa sista, ugonjwa wa kifua ulikuwa umemzuia kuingia utawani. Alisafiri Afrika ya Mashariki yote akiwa mgonjwa, na alipofariki tarehe 12 Mei 1944 alikuwa katika nyumba ya Masista wa Damu Azizi, Riruta. Watu waliomwona akihangaika barabarani wamesimuliwa sana. Masista waliobadilisha mashuka yake hawakutajwa.

Lipo jambo jingine kubwa lililobadilisha hesabu, nalo halihusu fedha. Huko Uganda, Mama Kevin, mwanamke wa Ireland aliyefika Nsambya mwaka 1903 pamoja na masista wenzake Wafransisko, aliona mapema kwamba kazi haitadumu ikiwa kila sista ni wa kuletwa kwa meli. Mwaka 1923 alianzisha Nkokonjeru shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, la wasichana wa Kiafrika, ambalo baadaye lilienea hadi Kenya na Tanzania. Yeye mwenyewe alifia Boston mwaka 1957, mzee wa zaidi ya miaka 80, akiwa bado anatafuta msaada kwa ajili ya Afrika. Mwili wake ukarudishwa Nkokonjeru na kuzikwa huko. Watu wa Uganda walimwita Mama Kevina.

Nairobi ilifuata. Mwaka 1954 Askofu Mkuu John Joseph McCarthy alianzisha Masista wa Assumption wa Nairobi. Tuutazame mwaka wenyewe: ni katikati ya Hali ya Hatari, wanaume wamejaa kambini na vijiji vimezungushiwa mahandaki. Katika wakati huo msichana wa Kikuyu au wa Kikamba kuwaaga wazazi ili akawe sista kulikuwa ni sadaka ya jamaa nzima. Mahari haikuja, mikono ya shambani ilipungua, wajukuu hawakuzaliwa. Katika daftari la misioni sadaka hiyo haikuandikwa popote, maana haikuja kwa sarafu. Nami nasema kwamba tangu siku hiyo mfadhili mkubwa wa kazi za masista nchini Kenya amekuwa mzazi Mwafrika. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973 na kukubaliana kwamba Kanisa lao lijitegemee, jamaa hizo zilikuwa zimekwisha kuanza kazi hiyo miaka mingi bila azimio lolote.

Katika Nairobi yetu ziko njia mbili za kujilisha ambazo nataka kuzitaja kwa kuwa zapingana. Ya kwanza ni ya Masista Wadogo wa Maskini, ambao wana Nyumba ya Wazee huko Kasarani. Shirika lao lilianza Saint-Servan, Ufaransa, mwaka 1839, Jeanne Jugan alipompa kizee kipofu kitanda chake mwenyewe, kisha akachukua kikapu akaenda kuomba mlango kwa mlango. Masista hao hawakubali kuishi kwa mapato ya kudumu; kila siku huomba cha siku hiyo, kwa wafanya biashara na kwa watu wa sokoni. Wengine huona ni utaratibu wa hatari. Mimi nauona una hekima moja: aliyetoa karoti za leo huombwa tena juma lijalo, na kwa hiyo hapati nafasi ya kusahau kwamba wazee bado wapo.

Ya pili ni Nyumbani. Mwaka 1992 Padre Angelo D'Agostino, Mjesuiti na daktari kutoka Marekani, pamoja na Sista Mary Owens wa Loreto, walianzisha nyumba kwa ajili ya watoto waliotupwa kwa sababu ya virusi vya UKIMWI. Siku hizo hapakuwa na dawa ambayo mtu wa kawaida angeweza kuinunua, na kazi ya nyumba hiyo ilikuwa kwa sehemu kubwa kuwafuta watoto machozi na kuwazika kwa heshima. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaanzishwa mpango wa Lea Toto, ambao kwanza ulishika Kangemi, ng'ambo tu ya Lavington, kisha Kawangware na mitaa mingine, ili mtoto atibiwe akiwa kwao. Dawa zilipopatikana, watoto wakaanza kukua, na wakubwa hawakuwa wamejiandaa kwa jambo hilo: shule za serikali jijini ziliwakataa, mpaka Nyumbani ilipokwenda mahakamani, na mwezi wa Januari 2004 ikakubaliwa waandikishwe.

Hapa tunarudi kwenye swali la Bagamoyo. Dawa ya UKIMWI hainywewi siku moja. Hunywewa maisha yote. Kwa miaka mingi Lea Toto ilipokea fedha za Serikali ya Marekani, na fedha hizo ziliokoa watoto wengi, hapana wa kukanusha. Mwezi wa Januari 2025 serikali hiyo ilisimamisha misaada yake ya nchi za nje, na tarehe 1 Julai shirika lake la USAID likafungwa. Kliniki nyingi nchini Kenya zilitikisika, wauguzi wakaachishwa kazi, na akina mama wakafika wakakuta mlango umefungwa. Yaliyotukia mwaka 1870 kwa vita yalitukia tena kwa sahihi ya kalamu.

Padre D'Agostino alifariki Novemba 2006, na Sista Mary Owens akaendelea na uongozi. Katika mwaka huo huo wa 2006 Kijiji cha Nyumbani kilifunguliwa Kitui, katika ekari 1,000 zilizotolewa na baraza la wenyeji. Huko yatima huishi na mababu na mabibi waliofiwa na watoto wao, kizazi cha kati kikiwa kimetoweka kwa UKIMWI. Na pembeni mwa nyumba wamepanda mikau, mti wa asili wa Ukambani wenye mbao ngumu zisizoliwa na mchwa, ili mbao hizo ziuzwe kwa faida ya kijiji. Mkau huvumilia ukame. Tangu kupandwa hadi kukatwa huchukua miaka kama 10 hadi 15, na katika muda huo wote hutaka kupogolewa na kulindwa na mbuzi.